Ardis Kuehl na Mstari wa Kumi

Miaka minne nilikaa juu ya kichwa cha Ardis Kuehl, na sidhani ipo siku hata moja aliyofurahi kwamba nipo. Alinipangisha chumba cha ghorofani kwa sababu kilikuwa kitupu na mabomba yangeganda bila mtu wa kufungua maji. Nimekaa na wenye nyumba katika miji mingi ya dunia, wengine wezi, wengine walevi, mmoja alifuga nyoka bafuni. Hakuna aliyenichosha kama mwanamke huyu mwaminifu.

Ofisi yake ilikuwa chini, kwenye barabara kuu ya Pell Crossing, kaskazini mwa Wisconsin, katika jengo lililokuwa zamani duka la viatu. Kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili aliwajazia watu fomu zao za kodi ya mapato. Miezi iliyobaki aliwachukia bila malipo.

Joto la ofisi alilishusha makusudi ili mteja asizoee kukaa. Kiti cha mteja kilikuwa kimoja, cha mbao, kisicho na mto. Ukutani, palipokuwa na kioo cha kujaribia viatu, alibandika karatasi yenye herufi kubwa: LETA KILA KITU. USIULIZE. Wageni walidhani ni mzaha. Nilimwona mwalimu mmoja mstaafu akicheka alipoisoma, kisha akauliza swali. Ardis alimtazama bila kupepesa hadi yule mama akaanza kutafuta glavu zake.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa maili sita kutoka hapo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa ng'ombe waliuzwa kwa mnada, naye akaingia benki kuhesabu pesa za watu dirishani. Huko alijifunza mambo mawili: kusoma tarakimu zilizogeuzwa juu chini upande wa pili wa meza, na kumjua mtu kwa namna anavyokunja noti. Tawi likafungwa. Bwana mmoja alitoka mjini akawaambia wanawake wanane kwa dakika moja kwamba kazi imekwisha, na Ardis alipomuuliza sasa waende wapi, akajibu, "Jifunzeni kitu kingine." Akajifunza. Majira ya baridi yale yote aliendesha gari jioni kwenda chuo cha kaunti, barabara ikiteleza, akarudi na cheti. Mumewe Delmar alikuwa amekwenda Arizona na nyumba ya magurudumu, kwa wiki tatu, alisema. Ardis aliijaza fomu yao ya mwisho ya kodi kama mume na mke na kumtumia bili mara mbili ya kawaida. Delmar alilipa.

Imani yake ilikuwa moja, na alinieleza siku nilipokosea nikamuuliza tarakimu fulani kwenye fomu yangu ilitoka wapi.

"Ukimfundisha mtu kusoma fomu yake umejifukuza kazi mwenyewe," alisema. "Mteja wa benki angejua kuhesabu noti mwenyewe asingetuhitaji kabisa. Weka sahihi hapo penye kibandiko chekundu. Na kwa nini hukai mahali pamoja kama watu? Nchi tatu ndani ya mwaka mmoja. Unamkimbia nani?"

Basi kwa miaka thelathini na moja hakumweleza mtu kitu. Kila Januari aliwatumia wateja barua: lete risiti ya kodi ya nyumba inayolipwa serikalini, risiti za sadaka za kanisa, za daktari, za dawa. Watu walileta maboksi. Machi walikuja kuchukua faili la buluu, wakaweka sahihi penye kibandiko, wakaenda nalo nyumbani, wakalitia mahali ambapo hakuna atakayeliona tena.

Mmoja wao alikuwa Orrin Skaar.

Orrin alikuwa na miaka sitini na miwili. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi hadi kilipofungwa, na sasa alikula pensheni yake ndogo, akitengeneza misumeno ya injini na mashine za boti. Majira ya baridi alisukuma theluji. Alikuwa na pikapu kuukuu yenye bapa la chuma mbele, na kwa hilo alisafisha viwanja vya kanisa la Walutheri, zahanati, na duka la chakula cha mifugo. Pikapu hiyo ilikuwa theluthi ya riziki yake. Mkewe, Marlys, alikuwa amekufa miaka sita iliyopita.

Kwa kuwa hakuwa na mwajiri, na alibakiza miaka mitatu kufikia bima ya wazee, Orrin alijinunulia bima ya afya mwenyewe. Serikali kuu ilimsaidia dola mia tano ishirini na sita na nusu kila mwezi, kwa sharti kwamba mapato yake ya mwaka yasizidi elfu arobaini na saba, mia tano na ishirini. Ukizidisha dola moja, unarudisha msaada wote wa mwaka mzima. Kiasi hicho watu wa umri wake pale mjini walikijua kama namba ya simu ya nyumbani.

Alimkimbia Ardis kwa sababu ya bei. Ardis aliongeza dola kumi na tano, na Orrin akasema mbele ya watu kwenye kaunta ya kahawa, "Kompyuta ya maktaba inajaza bure, na haina mdomo." Maneno yalimfikia Ardis kabla kahawa ya Orrin haijapoa. Ndani ya droo yake alikuwa na karatasi yenye safu mbili, Waliokufa na Waliohama. Aliandika Skaar kwenye safu ya pili, akabonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Hiyo ilikuwa Februari. Orrin alirudi Aprili, Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku tano kufika mwisho wa kuwasilisha fomu. Theluji chafu ilikuwa bado imelala kando ya barabara. Mimi nilikuwa ofisini kulalamikia baridi ya chumbani kwangu, na Ardis alikuwa akinieleza kwamba sweta zimegunduliwa zamani, mlango ukafunguliwa.

"Umefungua?" Orrin aliuliza.

"Umeingia, Orrin. Unaniuliza nini?"

"Nataka karatasi zangu. Za fomu ya mwaka uliopita, ile uliyojaza wewe."

"Ulipewa. Faili la buluu."

"Sina."

"Umelipeleka wapi?"

"Lilikuwa bandani. Panya wakalila."

"Basi panya wameisoma fomu yako kuliko wewe," Ardis alisema. "Nakala ni dola ishirini na tano."

"Ishirini na tano! Kwa karatasi sita?"

"Nenda maktaba. Kule bure. Na hakuna mdomo."

Orrin alivua kofia, akaketi kwenye kile kiti cha mbao.

"Hicho kiti ni cha wateja," Ardis akasema.

"Nimekilipia miaka ishirini na miwili. Kinaniuma mgongo miaka ishirini na miwili. Nitakaa."

Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka. Ardis alirudi kwenye kazi yake kana kwamba kiti kiko kitupu, na Orrin alikaa na kofia magotini. Watu wa pale wanaweza kununiana hivyo hadi mmoja afe. Nawajua ndugu wawili wa kaunti ile waliokula meza moja miaka tisa wakipeana chumvi kwa kuisukuma.

Mwishowe Orrin alitoa karatasi ndani ya koti akaiweka juu ya meza, bila kumpa mtu. Ilikuwa fomu yake mpya, aliyoipiga chapa maktaba. Hakuwa ameituma bado.

"Inasema nadaiwa elfu sita, mia tatu na kumi na nane," alisema akitazama dirishani. "Bima. Msaada wote. Nimezidi kwa dola mia mbili ishirini na moja."

Ardis hakuinua kichwa. Lakini macho yake yalikuwa yamezoea miaka mingi ya dirisha la benki, na karatasi ilikuwa imelala juu chini mbele yake. Niliona kalamu yake ikisimama.

"Mstari wa kumi," alisema. "Mia tano thelathini na nane. Ya nini?"

"Marejesho ya jimbo. Walinirudishia mwaka jana, ile kodi iliyozidi."

"Naijua. Nauliza, inafanya nini kwenye fomu ya serikali kuu?"

"Jimbo limeniletea karatasi. Ina jina langu, ina kiasi."

"Kwa hiyo ukaiandika."

"Karatasi ikija na jina lako unaiandika," Orrin alisema, na alisema kama mtu anayesema moto unaunguza. "Baba aliuza ndama wawili hakuwaandika. Akaja mtu wa kodi na mkoba kutoka Milwaukee. Baba hakulala mwaka mzima. Mimi naandika kila kitu."

Hapo ndipo ugonjwa wa mji ule ulipo. Kwingine nilikoishi watu wanaiibia serikali na kuomba radhi kwa jirani. Pell Crossing mtu ataiba mpaka wa jirani futi mbili na kulala usingizi mzito, lakini bahasha ya serikali yenye dirisha la plastiki inamtetemesha, na kilichomo atakijaza mahali fulani hata kama hajui kinahusu nini.

"Mashine haikukuuliza swali kabla ya kuingiza hiyo pesa?" Ardis aliuliza.

"Iliuliza. Eti mwaka wa kabla nilichukua punguzo la mkupuo, au niliorodhesha makato yangu moja moja. Nikabonyeza niliorodhesha."

"Nani alikwambia uliorodhesha?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi sijawahi kukwambia kitu maishani mwangu, Orrin Skaar."

"Ndiyo maana!" Orrin alisimama, kofia ikaanguka. "Hujawahi! Kila Januari barua: lete ya nyumba, lete ya kanisa, lete ya daktari. Nakubebea boksi kwenye barafu. Mtu anabeba boksi la risiti kwa ajili gani kama haziorodheshwi? Mazoezi ya mgongo?"

Ardis aliinuka. Akaenda kwenye kabati la chuma, akavuta droo ya herufi S, akarudi na fomu ya Skaar. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka ukurasani, kikasimama.

"Futa mstari wa kumi," alisema. "Andika sifuri. Hudaiwi. Nenda zako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Ah, hapana. Nimefanya mambo kwa sababu umesema miaka ishirini na miwili, na ona nilipo. Halafu unanichukia."

"Nakuchukia sana."

"Basi. Nikiifuta, mwakani napata barua na faini juu, wewe unacheka pale baa hadi bia inakutoka puani. Nieleze."

"Sielezi."

"Basi nalipa."

Aliokota kofia. Nilidhani anatishia, lakini watu wale hawatishii. Binamu yake wa upande wa Rhinelander, alisema akifunga vifungo vya koti, alikwisha kusema atatoa elfu saba kwa pikapu pamoja na bapa lake, na Jumatatu angekuja kuichukua.

"Utasukuma theluji na nini?" Ardis aliuliza.

"Na mikono."

"Kiwanja cha zahanati? Na huo moyo wako uliowekewa kibomba hospitali?"

"Ndiyo sababu nina bima," Orrin alisema.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nilimtazama Ardis, na sitadanganya kwamba niliona huruma usoni mwake. Niliona mtu anayelazimishwa kuvua viatu mbele ya watu.

"Kaa chini, ng'ombe we," alisema.

Orrin alibaki amesimama, lakini aliachia kitasa. Ardis alivua miwani.

"Umekwenda duka la Haugen kununua soseji. Bei dola kumi na tano. Ukaweka ishirini kwenye kaunta ukaondoka. Kesho yake Haugen anakurudishia tano. Umepata mapato?"

"Hapana. Hiyo ni tano yangu."

"Jimbo ndiye Haugen. Walikukata zaidi kwenye pensheni kuliko ilivyopasa, wakarudisha kilichozidi. Ni pesa yako ile ile, na ulishailipia kodi ya serikali kuu mwaka ulioipata."

"Sasa mstari wa kumi wa nini?"

"Subiri. Tuseme Marlys..."

"Usimtaje."

"Basi tuseme mimi ndiye mkeo."

"Nisingekuoa hata kwa mtutu."

"Na mimi ningekuwekea sumu ya panya kwenye kahawa, na panya wako wangenufaika na mabaki. Tuseme mke yeyote, ndiye anashika pesa za nyumba. Umerudi na soseji, ukamwambia umetumia ishirini, akakupa ishirini yako. Kesho yake Haugen anakupa ile tano. Ya nani?"

Orrin alifikiri. Alifikiri kwa uso mzima, kama anayesikiliza injini.

"Ya mke."

"Kwa nini?"

"Alishanilipa ishirini nzima. Nikificha tano, nimemwibia."

"Mke ni serikali kuu. Anayeorodhesha makato anaiambia: nimelipa jimbo kiasi hiki, nipunguzie. Inampunguzia. Baadaye jimbo likimrudishia, lazima atamke, mstari wa kumi, kwa sababu alishapunguziwa kwa pesa ambayo mwishowe hakuitoa. Wewe hukuiambia chochote kuhusu jimbo. Ulichukua mkupuo, ule anaopewa kila mtu bila kuulizwa. Elfu sita na mia tatu." Aliigeuza fomu ya zamani imwelekee Orrin, akaweka kidole. "Hapa. Huo ndio mkupuo. Hujalipwa na mke yeyote. Tano ni yako."

Orrin aliinama juu ya ukurasa. Midomo yake ilisogea. Alitoa penseli ya seremala mfukoni, akapiga hesabu pembeni mwa ile fomu yake mpya: arobaini na saba elfu, mia saba arobaini na moja, toa mia tano thelathini na nane. Arobaini na saba elfu, mia mbili na tatu. Alipiga tena kutoka chini kwenda juu. Kisha akaketi.

"Na risiti zangu?"

"Ya nyumba jimbo linaitaka, inakupunguzia kule hadi dola mia tatu. Nyingine najumlisha kila mwaka nione kama orodha yako inazidi mkupuo. Ulipokuwa na mkopo wa nyumba ilizidi. Tangu umalize mkopo haijazidi hata mara moja. Ile ya mwisho ilikuja elfu tano, mia nne na kumi na mbili."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Ukutani umeandika nisiulize!"

Ardis alitazama ukutani. Halafu akavaa miwani.

"Nakala ni dola ishirini na tano," alisema.

Orrin alitoa noti ya ishirini, na tano nyingine akailipa kwa sarafu, akizipanga moja moja mezani polepole kuliko ilivyohitajika. Ardis alizihesabu tena, polepole zaidi. Mashine ya nakala ilikohoa kurasa sita. Orrin alizikunja, akaziweka ndani ya koti, akatoka bila kuaga, na mlango akaupiga hadi kioo kikalia.

Maktaba ilikuwa ikifungwa saa kumi na moja. Aliwahi. Mkutubi alimwambia Haugen, Haugen akamwambia kila mtu, kwamba Orrin alibonyeza kitufe cha mkupuo kwa kidole cha kati, na badala ya deni mashine ilisema atarudishiwa dola kumi na tisa.

Ningeiacha hadithi hapo kama nisingemwona Ardis mchana ule ule. Alifungua droo, akatoa ile karatasi ya safu mbili, akaitazama safu ya Waliohama. Majina kumi na moja. Wote walikuwa watu wa maboksi. Wote walikuwa wamepata barua zake za Januari, na wote hawakuwahi kuambiwa kitu. Akachukua simu.

"Verlyn. Ardis Kuehl... Usikate. Sitaki pesa yako... Sitaki pesa yako, nimesema. Marejesho ya jimbo, umeyaweka mstari wa kumi? ... Basi futa. ... Kwa sababu hukuorodhesha, mpumbavu. ... Ndiyo, najua ulileta boksi! Nisikilize, wewe..." Akashusha simu. "Amekata."

"Mpigie tena," nilisema.

"Umeulizwa?"

Alimpigia tena. Verlyn alikata tena. Wa pili alidhani anauziwa bima ya mazishi. Wa tatu, mama mmoja aliyekuwa akimkata nywele Ardis miaka ya nyuma, alimwambia kwamba kuomba wateja kwa simu ni aibu kwa mtu wa umri wake, na akaongeza neno kuhusu Delmar. Ardis alikuwa mwekundu hadi kwenye masikio. Aliendelea. Ardis alimweleza kila mmoja habari za Haugen na soseji, akiwa amekaza meno, kama anayetema mbegu. Wanne walikata simu. Wawili walimtukana kwanza kisha wakasikiliza. Mmoja alikuwa amekwisha kutuma fomu na kulipa kodi ya pesa yake mwenyewe. Huyo Ardis alimwita ofisini, akamjazia fomu ya masahihisho, akamtoza dola arobaini.

Asije mtu akaniambia huo ulikuwa wema. Nilikaa pale hadi giza likaingia na nilimwona. Alikuwa na hasira ya fundi bomba aliyeitwa kwenye nyumba iliyofurika na kukuta ni maungio yake mwenyewe. Hakuwapenda zaidi baada ya hapo. Labda aliwachukia zaidi, kwa kuwa walimshuhudia.

Mafaili yaliyokuwa bado hayajachukuliwa aliyafungua moja moja, na juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa mkono: MWAKA HUU UMECHUKUA MKUPUO. MWAKANI USIWEKE MAREJESHO YA JIMBO. Watu walipokuja kuweka sahihi waliona maandishi wakauliza hii maana yake nini. Akalazimika kueleza. Mwanzoni alieleza kwa sentensi moja, akitazama mlango. Lakini mkulima mmoja wa Kicheki, mzee mwenye mikono kama magome, alivuta kiti karibu na meza akasema, "Na huu mstari wa chini yake?" Ardis akamweleza na huo. Kisha mwingine. Yule mkulima alikaa saa nzima katika baridi ile na kuondoka akisema hajawahi kufurahia kodi hivyo. Ardis aliniambia baadaye kwamba angempiga na stepla.

Alichokiogopa kilimfika. Januari iliyofuata wateja ishirini na wawili hawakuleta maboksi. Hawakuwa na ugomvi naye. Walikuwa wameelewa, na mtu akishaelewa haoni sababu ya kulipa. Yule mkulima alikuwa wa kwanza. Alimletea hata jibini ya shukrani, na Ardis akaipokea kwenye kizingiti bila kumkaribisha. Safu ya Waliohama ikafika chini ya ukurasa. Aligeuza karatasi akaendelea nyuma.

"Nilisema," aliniambia. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Kodi yako ya chumba inapanda dola thelathini kuanzia mwezi wa pili."

Orrin hakurudi kuwa mteja. Alijaza mwenyewe maktaba, na nasikia akawa akiwaeleza wengine pale kwenye kaunta ya kahawa habari za mke na soseji kama kwamba kaitunga yeye. Pikapu ilibaki yake. Theluji ilianguka sana mwezi huo, inchi kumi na moja kwa usiku mmoja, na asubuhi yake nilishuka na sepetu nikamkuta Ardis kwenye kizingiti, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, kikombe mkononi. Mbele ya kila duka njia ilikuwa safi. Mbele ya mlango wake kulikuwa na tuta linalofika kiunoni, limeshindiliwa vizuri, na pikapu ya Orrin ilikuwa ikirudi nyuma polepole huku taa yake ya manjano ikizunguka.

"Skaar!" Ardis alipaza sauti. "Ondoa uchafu wako hapa!"

Orrin aliteremsha kioo.

"Tuna mkataba, mimi na wewe?"

"Hatuna!"

"Basi hiyo ni theluji ya jimbo, Ardis. Wakikurudishia, usiiandike popote."

Akapandisha kioo, akaenda zake kuelekea zahanati, bapa likiburuza cheche kwenye lami. Ardis alimtukana hadi alipokunja kona, matusi ya zizini ya utoto wake, mengine sikuwahi kuyasikia. Kisha aliweka kikombe chini, akaninyang'anya sepetu, akaanza kuchimba. Nilipojaribu kusaidia aliniambia nipande juu nifungue maji, mabomba yasije yakaganda.